SOMO: Gemu inakwamakwama kwenye kompyuta ya bei nafuu? Tafuta kinachochelewesha fremu kabla hujanunua kitu

Wakuu, somo hili ni kwa wenye kompyuta za mezani za kawaida: prosesa ya koa (viini vya kazi) nne au sita, RAM ya GB 8 au 16, kadi ya michoro yenye GB 4, au hakuna kadi kabisa na unategemea michoro iliyomo ndani ya prosesa. Gemu inafunguka, inachezeka, namba ya FPS (fremu, yaani picha, kwa sekunde) pembeni inasoma 60, lakini kila baada ya muda picha inashtuka. Inaganda kidogo, inaruka, inaendelea. Ukiuliza, jibu la haraka ni "badilisha kadi". Mtu anatoa hela, anafunga kadi mpya, na mshtuko anaukuta palepale, kwa sababu kadi haikuwa na kosa.

Tuanze na namba yenyewe. FPS ni hesabu ya sekunde nzima. Ili picha itiririke kwa FPS 60, kila fremu inatakiwa ifike ndani ya milisekunde 16.7. Sasa chukua sekunde moja ambayo fremu moja imechukua milisekunde 150, na zile 59 nyingine zimetoka kwa milisekunde 14 hivi kila moja. Kihesabu kitasoma 60. Jicho lako limeona kuganda. Kwa hiyo hapa tunatafuta muda wa fremu, na wastani tuuweke pembeni.

Usichanganye pia na mtandao. Ukiwa kwenye gemu ya mtandaoni, zungusha kamera taratibu. Kama mazingira yanazunguka laini lakini wachezaji wengine wanarukaruka, au wewe mwenyewe unarudishwa nyuma, tatizo ni intaneti na somo hili halitakusaidia.

Hatua ya 1: Pima

Pakua MSI Afterburner pamoja na RivaTuner Statistics Server, zote ni za bure. Washa hivi vionekane juu ya gemu: muda wa fremu kama grafu, matumizi ya GPU (chipu ya michoro), matumizi ya kila koa ya prosesa, kasi ya prosesa kwa MHz, joto, VRAM (kumbukumbu ya kadi ya michoro) na RAM. Cheza sehemu ileile ya gemu kwa dakika 20 hivi. Grafu iliyonyooka ni afya. Miiba inayochomoza juu ndiyo mishtuko unayoiona.

Mwiba ukitokea, angalia ni kitu gani kimebadilika wakati huohuo. GPU imeshuka ghafla huku koa moja au zote ziko 100%? Prosesa ndiyo inayochelewesha. VRAM imegota kwenye kikomo chake? Teksicha (picha zinazofunika nyuso za vitu kwenye gemu) zimezidi. MHz za prosesa zimeanguka? Fikiria joto. RAM imejaa na taa ya diski haizimi? Soma hatua ya 3 na ya 4. Na kama GPU iko 99% muda wote, grafu imenyooka, FPS tu ndiyo ndogo, huna tatizo la kukwama. Kadi imefika mwisho wa uwezo wake, punguza ubora wa picha.

Kuanzia hapa badilisha kitu kimoja, pima tena, ndipo uende kingine. Ukibadilisha vitano kwa mkupuo hutajua kipi kilitibu, na tatizo likirudi utaanza upya.

Hatua ya 2: Vya bure

Hakikisha waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi, si kwenye madabodi. Hili linatokea zaidi ya unavyodhani. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc uone nini kinakula prosesa na diski chinichini: kivinjari chenye tabu nyingi, Windows inayopakua masasisho, antivirasi inayokagua. Zima kurekodi kwa chinichini kwenye Xbox Game Bar.

Hatua ya 3: RAM

Hapa tukae, maana kwenye mashine za bei nafuu ndipo ninapokutana na ugonjwa mara nyingi kuliko kwingine kote.

Kompyuta nyingi za bei ndogo huuzwa na kijiti kimoja cha RAM. Kijiti kimoja maana yake chaneli (njia ya data) moja. DDR4-3200 kwa chaneli moja inapitisha GB 25.6 kwa sekunde. Kwa chaneli mbili ni GB 51.2. Prosesa yenye michoro ndani yake, kama Ryzen 3 3200G au Ryzen 5 5600G, haina VRAM yake. Sehemu yake ya michoro inachota RAM hiyohiyo ambayo koa za prosesa nazo zinaitumia. Ni bomba moja linalohudumia nyumba mbili, na kila mmoja akifungua maji kwa pamoja, wote wanapata ya kudondoka. Kwa mwenye mashine ya aina hii, kijiti cha pili ndicho kitu cha kwanza cha kununua, bila mjadala. Hata mwenye kadi ya pembeni ataona miiba ikipungua, hasa kwenye gemu zinazoitegemea sana prosesa.

Fungua Task Manager, sehemu ya Performance, kisha Memory. Itakuonyesha sloti ngapi zimetumika na RAM inakwenda kasi gani. Kama umenunua RAM ya 3200 lakini inasoma 2133, 2400 au 2666, huenda XMP (mpangilio unaoipa RAM kasi yake iliyoandikwa) haijawashwa. Ingia BIOS (mipangilio ya madabodi inayofunguliwa kompyuta inapowaka) uiwashe. Baadhi ya madabodi za AMD huiita DOCP. Madabodi nyingine za chini haziruhusu kasi kubwa, hapo kubali matokeo. Na kama madabodi ina sloti nne, vijiti viwili kwa kawaida huwekwa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Ukiviweka vyote kwenye chaneli moja, umepata ujazo lakini hukupata kasi.

Kuhusu ujazo: GB 8 zinajaa haraka kwa gemu za sasa. Zikijaa, Windows inahamishia vitu kwenye faili la ukurasa lililo kwenye diski, na kila kinapohitajika kinarudishwa, ndipo unaona kuganda. Kuna wanaoshauri ulizime faili hilo. Usilizime, gemu itajifunga yenyewe kumbukumbu ikiisha.

Hatua ya 4: Diski

Diski ya kuzunguka ina kichwa kinachosogea kutafuta data, na kila utafutaji unakula milisekunde 10 hivi. Linganisha na zile 16.7 za fremu moja. Gemu ya ulimwengu mpana inasoma mamia ya vipande vidogo unapoingia eneo jipya, kwa hiyo kama mishtuko yako inatokea ukiendesha gari kwa kasi au ukivuka mtaa, hamishia gemu kwenye SSD (diski isiyozunguka). Ya SATA inatosha kabisa. Iachie nafasi, usiijaze mpaka pomoni.

Hatua ya 5: Joto

Dalili yake ni kwamba dakika za mwanzo mambo ni safi, kisha yanaharibika na kubaki hivyo. Prosesa ikifika kikomo chake, ambacho kwa nyingi ni kati ya nyuzi 95 na 100, inapunguza kasi ili isiungue. Safisha vumbi, badilisha pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa, hakikisha feni ya mbele inapata hewa. Kuna jambo moja linalowapotosha wengi: prosesa inaweza kusoma nyuzi 70 tu na bado MHz zinaanguka. Hapo huenda kinachopata moto ni saketi za umeme pembeni ya prosesa, ambazo kwenye madabodi za bei ya chini hazina hata kipande cha chuma cha kupoozea. Elekeza feni ndogo hapo uone.

Hatua ya 6: VRAM

GB 4 zikijaa, teksicha zinakaa kwenye RAM ya kawaida na kupita kwenye PCIe (njia inayounganisha kadi na madabodi) kila zinapotakiwa. Shusha teksicha kwanza kabla ya vivuli au kitu kingine. Wenye RX 6500 XT wawe makini zaidi, kwani kadi hiyo ina njia nne tu za PCIe. Ikifungwa kwenye madabodi ya PCIe 3.0, kasi ya njia hizo inabaki nusu, na VRAM ikizidi maumivu yake ni makali.

Hatua ya 7: Sheda

Ukipita mahali mara ya kwanza inashtuka, ukirudi mara ya pili ni laini. Hizo ni sheda (programu ndogo zinazoielekeza kadi jinsi ya kuchora) zinazotengenezwa palepale unapocheza, tatizo la gemu nyingi za DirectX 12. Gemu ikikuonyesha mstari wa kuandaa sheda mwanzoni, subiri umalizike. Ukiweka draiva mpya, kazi inaanza upya, usishangae. Wenye NVIDIA waongeze ukubwa wa kache (hifadhi) ya sheda zilizokwisha tengenezwa kwenye paneli ya NVIDIA. Na tafadhali, acheni kufuta kache hiyo kila wiki kwa kuambiwa "inasafisha". Mnajirudishia mishtuko ambayo mashine ilishaimaliza.

Hatua ya 8: Kikomo cha FPS

Weka kikomo kwenye RivaTuner kwa namba ambayo mashine inaimudu hata mahali pazito. Prosesa ya koa nne ikiachwa ikimbie bila kikomo inajaa 100% na haina nafasi ya kushughulikia jambo la ghafla. Kwa skrini ya Hz 60 isiyo na FreeSync (uwezo wa skrini kufuata kasi ya gemu), chagua 60 au 30. Ukichagua 45, fremu nyingine zitakaa rifreshi moja (mzunguko mmoja wa skrini) na nyingine mbili, na utaona kutetereka ingawa kompyuta haina shida.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu ahsante kwa somo. Nina 3200G na kijiti kimoja cha GB 8. Nina kijiti kingine cha GB 8 cha kampuni tofauti, naweza kuchanganya?

Jibu: Unaweza, mkuu. Vyote vitakwenda kwa kasi ya kile cha polepole. Ukishafunga, pima na MemTest86 (programu ya kukagua RAM) kabla ya kucheza. Ikionyesha kosa hata moja, shusha kasi kwenye BIOS upime tena.

Swali: Yangu ni Ryzen, na si gemu tu. Kila kitu kinaganda kwa sekunde moja mbili, hadi sauti inakwaruza, kisha inatulia kwa saa kadhaa.

Jibu: Hiyo inafanana na tatizo la fTPM (kipengele cha usalama kilicho ndani ya prosesa) ambalo AMD wenyewe walilikiri Machi 2022. Dawa ni BIOS mpya ya madabodi yako. Kama umewasha BitLocker (ufungaji wa diski wa Windows), hifadhi ufunguo wake wa kurejesha kwanza, na usisasishe BIOS mahali umeme unapokatika ovyo.

Swali: Samahani kaka, mimi yangu inakwama nikigeuza mausi haraka tu. Nikitumia kibodi peke yake iko sawa.

Jibu: Dada, angalia programu ya mausi, sehemu ya kasi ya kuripoti (mara ngapi kwa sekunde mausi inatuma taarifa). Kama iko 1000 Hz au zaidi na prosesa yako ni ndogo, shusha hadi 500. Hutahisi tofauti mkononi.

Swali: Vipi zile programu za kusafisha RAM na kuongeza FPS?

Jibu: Ziondoe. Windows huweka data iliyokwisha kusomwa kwenye RAM iliyo wazi ili isirudi diskini. Programu hizo zinaifuta, gemu inalazimika kusoma upya, na mwiba mpya unatokea.

Swali: Nimefuata yote, imebaki miiba midogo inayokuja kwa mpangilio, kila sekunde moja kamili. Kila kitu kingine kiko sawa.

Jibu: Mpangilio wa namna hiyo mara nyingi hutoka kwenye programu inayosoma vihisi au inayoendesha taa za RGB. Funga ya taa kwanza. Ikibaki, ongeza muda wa kusoma kwenye Afterburner kutoka milisekunde 1000 hadi 3000, na uondoe kipimo cha umeme cha kadi. Kama miiba sasa inakuja kila sekunde tatu, umeshampata mkosaji: ni Afterburner yenyewe.