Uwanja wa Mbele Usiokutumikisha: Mimea ya Pwani kwa Nyumba za Dar es Salaam

Nyumba nyingi ninazoitwa kuangalia bustani hunipokea kwa malalamiko yaleyale: nyasi zimekufa, ashoki zimekauka upande mmoja, bili ya maji imepanda. Januari moja nilikwenda Goba kwa mama aliyetandika nyasi za kununua uwanja mzima, toka getini hadi barazani. Alikuwa anamwagilia kila jioni kwa mpira, dakika chache kila kona, na bado zilikuwa zinageuka rangi ya mkeka wa zamani. Nikachimba kidogo. Sentimita tatu za juu zilikuwa mbichi, chini yake udongo mkavu kama unga, na ndani yake vipande vya tofali na saruji iliyoganda. Mizizi yote ilikuwa juu, inausubiri mpira wa jioni.

Pembeni mwa ukuta, mahali ambapo mpira haufiki, kivumbasi kilikuwa kimejiotea chenyewe. Kijani, kimejaa maua, nyuki hawakauki. "Hicho nataka kijana aking'oe," mama akaniambia. Nikamwomba akiache, maana kwenye uwanja ule ndicho pekee kilichokuwa kinaujua mji huu.

Dar es Salaam hupata mvua ya milimita 1,000 hivi kwa mwaka, ila haiji kwa kugawana sawa. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Katikati kuna kipupwe, kikavu lakini cha ubaridi kiasi, kisha kinakuja kiangazi cha Januari na Februari ambacho ndicho huua bustani. Mimea ya misitu yetu ya jirani, Pugu, Kazimzumbwi na Pande, imeishi na kalenda hiyo miaka na miaka. Mwenye kukumbuka mgao wa maji wa mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua, anajua kwa nini bustani inayotegemea bomba kila siku ni mzigo.

Mimea ya kwetu nayo hutaka kazi, lakini kazi yake karibu yote iko mwaka wa kwanza. Ukiifanya vizuri mwaka huo, unaofuata unabaki na kupogoa tu na kung'oa magugu. Ukiirashia rashia, utaendelea kuirashia maisha yako yote.

Kabla ya kununua chochote, chimba shimo la kina cha sentimita 60 mahali unapotaka kupanda. Kwenye viwanja vingi vipya utakutana na kifusi cha fundi: kokoto, mabaki ya plasta, mifuko ya saruji. Toa chote, usikifukie tena. Halafu jaza shimo maji ndoo mbili na uangalie. Mchanga wa Kigamboni au Mbezi Beach utayanywa kabla hujamaliza kusimulia. Hapo unahitaji mboji ili unyevu ukae, walau ndoo moja iliyooza vizuri kwa kila shimo la mti. Udongo wa mfinyanzi wa mabondeni utakaa na maji hadi kesho yake, na hapo usichimbe shimo refu ukalijaza samadi, maana umetengeneza bwawa. Panda juu ya tuta. Wa miteremko ya Kimara, Salasala na Goba wana tatizo jingine, maji hukimbia na udongo wao. Piga vitaro vya kukinga maji vinavyokatiza mteremko, na kwenye kingo zake panda mchaichai. Najua, mchaichai si wa asili ya hapa. Sina ugomvi nao, unashika udongo na unakupa chai.

Kama unamwagilia kwa maji ya kisima, yaonje kwanza. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na utaiona ikiacha ukungu mweupe juu ya udongo na kuunguza ncha za majani. Mimea michanga ndiyo huumia zaidi, kwa hiyo kinga maji ya mvua ya bati kwa ajili yake hata kama ni pipa moja.

Wakati wa kupanda ni mwanzo wa masika, baada ya mvua mbili tatu za kueleweka. Wengi hupanda vuli kwa sababu ya sikukuu za Desemba, wageni wanakuja, uwanja upendeze. Mimi siwashauri. Mche uliopandwa Novemba unaingia kiangazi ukiwa na wiki nane tu za mizizi. Wa Machi unapata masika yote, kisha kipupwe ambapo jua si kali, na ukifika Januari umeshazama chini. Kwa mti mdogo, mpe lita 10 mara mbili kwa wiki mwezi wa kwanza mvua zikikatika, baadaye mara moja kwa wiki, zote kwa mkupuo na polepole. Kama hauko nyumbani, toboa kifuniko cha chupa ya lita moja na nusu kwa sindano, ikate kitako, ichimbie kichwa chini karibu na mche na uijaze asubuhi. Inatosha.

Sasa mimea yenyewe. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20, mbuyu, mvule na mkuyu waachie wenye mashamba. Mkuyu hasa, mizizi yake hufuata maji mpaka kwenye karo. Mti mmoja mdogo unatosha uwanja wa mbele, na ninaoupenda ni Cassia abbreviata. Hupukutisha majani wakati wa ukavu, kisha karibu na vuli, kabla majani hayajarudi, unafunikwa na maua ya njano mti mzima. Tahadhari moja: gome lake ni dawa ya watu wengi, na ukisikika unao, majirani watakuja na visu. Wape matawi unayopogoa. Ukibanduliwa gome kuzunguka shina, umekufa. Mwingine ni mtopetope mwitu, Annona senegalensis, mfupi, mgumu, na matunda yake watoto hawatayaacha yaive.

Mwenye nafasi pembeni na asemaye anataka kitu cha "kitropiki" apande mkindu badala ya minazi ya mapambo kutoka ng'ambo. Huota kama kichaka, mashina kadhaa pamoja, hivyo kila mwaka toa machipukizi na ubakize matatu au manne. Majani ya chini yana miiba mikali, usiuweke kando ya njia. Ukiwa na bibi anayesuka, ukindu huo hautanunuliwa tena sokoni.

Chini ya miti, mahali pakavu na penye jua, shubiri za kienyeji na Sansevieria, ile jamii ya mkonge mwitu, hukaa miezi bila kuguswa. Waridi la jangwani, Adenium, linalouzwa kando ya barabara likiwa kwenye chungu, ni mmea wa ukanda wetu na hukua vizuri ardhini kama maji hayasimami. Utomvu wake ni sumu, baadhi ya jamii waliupaka kwenye mishale, kwa hiyo nawa mikono baada ya kuupogoa. Kwenye kivuli weka Scadoxus, kile kitunguu cha msituni kinachotoa ua jekundu la mviringo kama mpira mvua zikianza. Kikipotea wakati wa ukavu usidhani kimekufa, kimelala tu. Kivumbasi nacho weka karibu na dirisha, harufu yake inapendwa na nyuki kuliko mbu.

Mnyaa hufanya ua zuri sana na hautaki maji. Lakini utomvu wake mweupe ukiingia machoni ni hospitali. Nyumba yenye watoto wadogo mimi huiambia iuache.

Kuhusu nyasi, usitandike kiwanja chote. Weka ukoka pale tu mnapokaa au watoto wanapocheza. Ukoka ni wa hapa, Januari utakuwa kahawia na mtaona kama umekwisha, mvua mbili tu unarudi. Sehemu nyingine iwe mimea, na njia iwe ya kokoto au pevingi zilizoachiana nafasi ili maji yazame. Pevingi zilizofunika uwanja mzima hukaanga nyumba na kumpelekea jirani mafuriko.

Hapa naja kwenye fagio. Tumelelewa kwamba uwanja safi ni uliofagiliwa hadi udongo ung'ae, na sababu yake si upuuzi: pakiwa wazi, nyoka anaonekana. Basi tugawane. Mita mbili kutoka ukutani na njia yote ya kuingilia, fagia kwa chelewa kila asubuhi na weka kokoto. Chini ya miti na vichaka, fagio lisifike. Majani yanayoanguka ndiyo mbolea na ndiyo shuka ya udongo. Ukiyazoa kila siku na kuyachoma, unaichoma bustani yako kidogo kidogo, kisha unanunua samadi kirikuu kizima kufidia. Rundo la mbao na mawe nyuma ya nyumba linaficha nyoka kuliko matandazo, yaani majani ya kufunika udongo, ya sentimita tano.

Matandazo mazuri ya bure mji huu ni makumbi. Wauza madafu wanayatupa, ukiwaomba wanafurahi. Yapange kuzunguka mche, uso ukitazama chini. Nasisitiza hilo kwa sababu fuu la dafu likikaa wazi hukusanya maji, na maji machache kama hayo ndiyo mbu wa dengue anayotaka. Dar es Salaam imepata milipuko ya dengue 2014 na 2019, hatuhitaji kuwafugia mbu. Kagua pia visahani vya chini ya vyungu. Makumbi yaache nafasi ya kiganja kutoka kwenye shina, na yasifike kwenye fremu za milango, mchwa hupenda njia hiyo.

Mwarobaini wengi hudhani ni wa kwetu kwa jinsi ulivyozoeleka. Umetoka Asia, na ndege na popo hukusambazia mbegu zake hadi kwenye mfereji wa bati. Ulio nao unaokupa kivuli uache, ila ng'oa vichipukizi vingali vidogo. Lantana, kichaka cha kigeni kinachoenea hovyo, hicho ng'oa bila huruma.

Miche ya asili si rahisi kuipata kama maua ya kigeni. Ulizia kwenye vitalu vya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kwa wauza maua, ukiwatajia jina la mmea, si rangi ya ua. Usichimbe msituni. Encephalartos, ile inayofanana na mnazi mfupi wa majani magumu, biashara yake ya kimataifa imebanwa kabisa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, na anayekuletea iliyokua tayari usiku kwenye bodaboda hajaiotesha yeye. Kwenye kitalu, chagua mche mfupi mnene, si mrefu uliolegea. Geuza kiriba, ule mfuko wa mche, uangalie chini. Mizizi ikiwa imetoboa na kujizungusha kama kamba, mche huo umezeeka humo ndani. Rudisha, chukua wa pembeni yake.