Glasi tatu za kupima fikra za mtoto

Jaribio hili la Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, hupima kama mtoto anaelewa kuwa kiasi cha maji hakibadiliki yakihamishiwa chombo cha umbo jingine, na halihitaji maabara. Hata barazani Igoma, Mwanza, linafanyika. Tafuta glasi mbili zinazofanana na moja nyembamba, ndefu. Tia mililita 150 za maji katika kila moja ya zile mbili, uongeze au upunguze tone mpaka mtoto mwenyewe akubali kuwa ni sawa. Mimina maji ya moja kwenye ile ndefu akiona, kisha uliza: “Sasa maji ni sawa, au kuna yaliyozidi?” Wengi wa miaka 4 au 5 huonyesha ndefu, kuanzia 7 hivi husema ni yale yale. Uliza pia kwa nini, maana jibu tupu huenda amebahatisha. Usirudierudie swali: atadhani amekosea, abadilishe. Na kama kwao wanaongea Kisukuma, uliza kwa Kisukuma.