Jinsi ya kujaza takwimu za sifa za walimu bila kuikosesha shule yako mwalimu (Kigoma, ila hata wa Tabora inakufaa)

Walimu wenzangu habari za kazi. Machi ndo hiyo inaingia na najua shule nyingi mwl wa takwimu ameshaambiwa ajiandae, na wengine mmepewa hii kazi mwaka huu kwa mara ya kwanza bila kuelekezwa chochote, unapewa tu fomu na unaambiwa ijumaa iwe imefika kwa afisa elimu kata. Mimi nimeifanya kwa miaka kadhaa huku mwambao wa ziwa, shule nyingine unafika kwa boti, kwaiyo nimeona niandike hatua zangu zote, hasa ile sehemu ya sifa za walimu maana wanafunzi kuwahesabu sio shida sana ila kwenye walimu ndo watu wanaharibu.

Kwanza elewa unachojaza kinaenda wapi. Takwimu za mwaka zinapigwa kwa hali ilivyokuwa tarehe 31 Machi. Fomu ni TSM 1 kwa awali na msingi, TSM 2 kwa sekondari, na siku hizi taarifa zinaingia kwenye mfumo, shuleni kuna SIS (mfumo wa taarifa za shule) na juu yake kuna BEMIS (mfumo wa taarifa za elimu msingi wa nchi nzima). Zikitoka shuleni zinapita kata, halmashauri, mkoa, alafu TAMISEMI na Wizara ya Elimu, na mwishoni zinatoka kwenye kitabu cha takwimu za elimu cha taifa. Sasa mtu wa Dodoma anayepanga walimu wapya waende wapi hajawahi kufika kijijini kwako, anachokijua kuhusu shule yako ni ile namba uliyoandika wewe.

HATUA YA 1: tengeneza daftari lako kabla ya fomu

Usianze na fomu, anza na daftari au eksel kama una kompyuta, kila mwalimu mstari wake. Mimi naweka jina kama lilivyo kwenye cheti, cheki namba (ile namba yake ya utumishi), jinsi, tarehe ya kuzaliwa, namba ya usajili TSC (Tume ya Utumishi wa Walimu) kama anayo, elimu ya sekondari aliyofika (kidato cha nne au cha sita), ngazi ya ualimu aliyosomea, chuo na mwaka aliohitimu, masomo mawili aliyosomea kufundisha, masomo anayofundisha sasa hivi, cheo, na hali yake (yupo kazini, yupo masomoni, likizo ya uzazi, mgonjwa, amehama). Masomo aliyosomea na masomo anayofundisha ni safu mbili tofauti, usiziunganishe, nitakwambia kwanini huko chini.

Na tafadhali sana usichukue fomu ya mwaka jana ukabadilisha tarehe. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivo, muda ulikuwa mdogo na fomu ya nyuma ilikuwa safi imeandikwa vizuri. Ilikuwa na mwl wa Fizikia aliyeshahamia Kibondo tangu Septemba, nikamwacha humo humo. Kwahiyo kwenye karatasi ile shule haikuwa na upungufu wa Fizikia, wakati darasani watoto wa kidato cha nne walikuwa wanasomeshana wenyewe. Niliigundua mwezi wa saba, imeshapita yote. Mpaka leo linaniuma.

HATUA YA 2: ona cheti kwa macho yako

Usimuulize mwalimu "wewe una nini" ukaandika anachojibu. Sio kwamba walimu ni waongo, hapana, ila mtu anasema "nina digrii" kumbe amemaliza masomo na hajahitimu bado, kuna somo anarudia, au ana matokeo tu ya kwenye simu. Mwambie alete cheti halisi au nakala iliyothibitishwa na mwanasheria. Transikripti inakusaidia kuona masomo aliyosoma lakini sio mbadala wa cheti chenyewe. Asiye na cheti mkononi tarehe 31 Machi anabaki kwenye ngazi yake ya zamani mpaka mwakani.

Walimu wakubwa kwako wataona kama unawadharau, hasa kama wewe ni kijana na yeye amekufundisha darasa la tatu. Nenda kwa adabu, "shikamoo mwalimu, naomba unisaidie kitu, nataka nikuandike sawasawa ili isije ikakusumbua mbele", na umwoneshe kwamba cha kwako wewe na cha mwalimu mkuu vipo pia kwenye faili. Watu bado wanakumbuka tarehe 28 Aprili 2017, pale Rais Magufuli alipokabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti Dodoma, watumishi 9,932 wakakutwa na vyeti vya kughushi. Ndo maana mtu akisikia neno vyeti moyo unaenda mbio hata kama vyake ni safi. Mweleze kwamba hii ni takwimu, sio uhakiki.

Angalia pia majina. Kwenye cheti cha kidato cha nne anaitwa hivi, kwenye ajira ameongeza jina la mume, kwenye cheti cha chuo herufi moja imeruka. Andika lile la kwenye ajira, alafu pembeni kwenye daftari lako weka la kwenye cheti na kama kuna kiapo cha kubadili jina andika kipo.

HATUA YA 3: tenganisha SIFA na CHEO na MSHAHARA (hapa soma polepole)

Hapa ndo asilimia kubwa ya makosa niliyokutana nayo yanazaliwa, na tatizo lenyewe ni neno "daraja".

Zamani vyeti vya ualimu vilikuwa na Daraja A, na chini yake B na C. Wale wa chini wengi ni waliomaliza darasa la saba wakapewa mafunzo ya ualimu, hasa baada ya Azimio la Musoma la 1974 nchi ilipotaka kila mtoto aingie shule na walimu hawatoshi. Kwahiyo kwenye lugha ile ya zamani A ni kubwa kuliko B. Sasa njoo kwenye muundo wa utumishi: mwenye cheti anaanzia Mwalimu Daraja la III A, mwenye stashahada III B, mwenye shahada III C. Huku A ndo ya chini! Alafu tena mwenye cheti akipanda anakuwa II A, I A na kuendelea, na hapo hajasoma chochote kipya, ni cheo tu kimepanda kwa sababu ya miaka na utendaji.

Mshahara nao ni vilevile. Ngazi za mishahara ya walimu wa serikali zinaitwa TGTS, mwenye cheti anaanzia TGTS B, stashahada TGTS C, shahada TGTS D. Mwl wa takwimu anaona mama fulani yupo TGTS E anamwandika shahada, kumbe mama ana cheti cha Daraja A alichokichukua chuo cha ualimu Kabanga miaka hiyo na amepanda kwa utumishi wake mrefu, tena anafundisha la kwanza vizuri kuliko sisi wote. Huyo anaandikwa CHETI.

Na kinyume chake kipo. Kijana aliajiriwa kwa cheti, akajiendeleza Chuo Kikuu Huria, amehitimu shahada ya ualimu na cheti anacho, ila hajabadilishiwa muundo kwahiyo salari slipu inasoma bado III A. Kwenye sifa huyo ni SHAHADA, kwenye cheo ni III A. Usisubiri utumishi wambadilishie ndo uandike. Swali la sifa linauliza amesoma nini, haliulizi analipwa nini. Mkumbushe tu na yeye aweke cheti chake kwenye taarifa zake za kiutumishi, maana hiyo ya kwako haimbadilishii mshahara.

HATUA YA 4: wale wasiokaa vizuri kwenye safu yoyote

Mwenye shahada ambayo sio ya ualimu. Tuseme ana cheti cha ualimu alafu akasoma shahada ya maendeleo ya jamii. Kwenye ualimu huyo ni cheti. Shahada yake ni halali na ni jasho lake, iandike kwenye daftari, lakini haimfanyi kuwa mwalimu wa shahada mpaka asome ualimu juu yake, mfano stashahada ya uzamili katika elimu. UNESCO nao wanatenganisha, kuna mwalimu mwenye kiwango cha elimu kinachotakiwa na kuna aliyepata mafunzo ya ualimu, ni vitu viwili.

Wanaojitolea na wale wanaolipwa na wazazi. Hawa huku kwetu ni wengi na bila wao shule nyingine zingefungwa, nawaheshimu sana, lakini usiwachanganye na walioajiriwa na serikali, na kama ni mhitimu wa kidato cha nne anayesaidia darasa la pili usimwandike cheti cha ualimu eti umpe heshima. Piga hesabu hii: shule ina wanafunzi 720, ukiandika walimu 12 uwiano ni 1 kwa 60. Ukiwatoa wawili ambao hawajasomea ualimu wanabaki 10, inakuwa 1 kwa 72. Hao watoto 12 wa ziada kwa kila mwalimu ndo hoja yako ya kuomba mwalimu, ukiificha nani ataiona?

Aliyesoma nje. Sisi tupo mpakani, kuna mtu kasoma Bujumbura au Kongo na cheti kipo kwa kifaransa. Shahada ya nje inatakiwa itambuliwe na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), vyeti vya sekondari vya nje vinapita NECTA (Baraza la Mitihani) kupata ulinganifu. Kama barua ya utambuzi hana, usikadirie mwenyewe kwamba hii inalingana na stashahada, andika ile ngazi yenye uthibitisho na umwelekeze aombe.

Waliopo masomoni bado ni wa shule yako kama hawajahamishwa, ila waoneshwe kwamba wapo masomoni. Waliohama, piga simu shule ya pili muulizane nani anamhesabu, dakika mbili tu, maana mwalimu mmoja kuhesabiwa Uvinza na Kasulu kwa wakati mmoja inatokea kila mwaka.

Elimu maalum usiisahau. Mwalimu aliyesomea Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalum, akaandikwa "stashahada" tu bila kutajwa elimu maalum, basi ujuzi wake umepotea kwenye takwimu, na mtoto asiyeona wa wilaya yako atahesabika hana mwalimu wakati yupo.

HATUA YA 5: masomo (wa sekondari hii ni yenu)

Andika alichosomea. Mwl wa Historia na Kiswahili anayefundisha Hisabati kwa sababu hakuna mwingine, ni mwl wa Historia na Kiswahili. Najua mkuu wa shule anaweza kusema "muandike Hisabati bana si ndo anafundisha", na anasema hivyo bila nia mbaya, lakini ukimwandika Hisabati umefuta upungufu wako kwa mkono wako mwenyewe. Mweleze mkuu kwa heshima, muoneshe zile safu mbili kwenye daftari, mimi sijawahi kuona mkuu akakataa akishaziona.

HATUA YA 6: jumlisha kabla ya kuingiza

Jumla ya walimu kwa ngazi ya elimu lazima ilingane na jumla kwa jinsi, na jumla kwa umri, na orodha ya watumishi ya shule. Tuseme cheti 9, stashahada 3, shahada 2, ni 14. Ukija kwenye jinsi ukapata wanaume 8 wanawake 5, kuna mtu amedondoka, rudi kwenye majina usirekebishe namba tu ili zifanane! Mpe mwalimu mwingine ajumlishe bila kuona jibu lako. Alafu bandika orodha ofisi ya walimu siku mbili, majina na ngazi na masomo tu, kila mtu ajikague na asaini. Kwangu hii imeokoa makosa mengi kuliko kitu kingine chochote.

HATUA YA 7: kuingiza na kutuma

Mtandao ukiwa wa shida ingiza usiku sana au alfajiri, au panda na daftari lako mpaka kwenye kata yenye mtandao, ila usimpe mtu wa steshenari aingize akiwa peke yake. Picha za vyeti vya wenzako usizirushe kwenye grupu la wasap, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na imeanza kufanya kazi 1 Mei 2023, cheki namba na tarehe ya kuzaliwa ya mtu sio za kuzungushwa kwenye simu za watu. Fomu ya karatasi isainiwe na mwalimu mkuu, mhuri, nakala moja ibaki shuleni.

Ukigundua kosa baada ya kutuma, usikae kimya na usifute kwa wino mweupe. Chora mstari mmoja juu ya namba ya zamani isomeke bado, andika mpya pembeni, tarehe, saini, alafu andika barua fupi kwa afisa elimu kata nakala kwa afisa takwimu wa halmashauri: jina la shule, safu gani, ilikuwa ngapi, inatakiwa iwe ngapi, na sababu. Kwa sisi wa mwambao piga simu kwanza kabla boti haijaondoka, barua ifuate.