Radi, mawe, mafuriko au ukame: mkulima aanze kujihadhari na kipi?

Waulize wakulima wa Kanda ya Ziwa wanaogopa nini zaidi kutoka angani. Wengi watataja radi, kisha mvua ya mawe. Wana haki. Machi 2015, katika kijiji cha Mwakata wilayani Kahama, mvua ya mawe na upepo mkali vilibomoa nyumba usiku na kuua watu zaidi ya 40. Lakini ukiingia ghalani na zizini hesabu inageuka. Ukame hauezui paa wala hautangazwi redioni siku ya kwanza, ila ndio unaomaliza ng'ombe na kumlazimisha mkulima anunue debe la mahindi kwa bei ya mlanguzi. Kuanzia mwishoni mwa 2020, kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia zilikosa mvua misimu mitano mfululizo, na Kenya peke yake ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2.

Kwa hiyo hapa sipangi majanga kwa kishindo chake. Nayapima kwa maswali mawili: linaua nini, mtu, mnyama au zao? Na linakupa muda gani wa kujiandaa? Radi inakupa dakika. Mafuriko yanakupa saa, pengine siku. Ukame unakupa wiki na hata miezi, na ndiyo maana tunauchezea.

Radi na mawe

Radi haina habari na shamba lako. Inaua mwenye shamba na ng'ombe wake. Anga la Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na msimu wa kupanda na kupalilia ndio msimu wake. Ukiona mwako, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo, kisha gawanya kwa 3: hizo ndizo kilomita. Zikiwa sekunde 30 au pungufu, acha jembe uondoke. Usirudi shambani mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kibanda cha shambani kinazuia mvua tu, radi hakizuii. Ndani ya gari lenye bodi ya chuma uko salama zaidi.

Ng'ombe hufa wengi kwa pigo moja kwa sababu wanajikusanya chini ya mti. Umeme ukishuka kwenye shina husambaa ardhini, unapanda kwa miguu ya mbele na kutokea ya nyuma, na moyo uko njiani. Wafundishe wachungaji: wingu likitanda, kundi litolewe chini ya mkwaju au mbuyu ulio peke yake na lisikae kando ya uzio wa waya.

Jambo moja nalisisitiza kila nikipata nafasi. Ng'ombe akikutwa amekufa asubuhi baada ya usiku wa radi, watu huchukua kisu mara moja. Subiri. Kimeta, ugonjwa unaoambukiza hata watu, nacho huua ghafla, na mzoga wake mara nyingi hutoa damu isiyoganda puani na kwenye njia ya haja kubwa. Usichune, usigawe nyama, muite daktari wa mifugo. Wengine watasema ni radi ya kutumwa. Hiyo mijadala iendelee, lakini mzoga usiguswe.

Mvua ya mawe inapiga eneo dogo. Shamba lako linaweza kuchanwachanwa na la jirani likabaki zima. Hasara inategemea umri wa zao kuliko ukubwa wa mawe. Mahindi yenye majani chini ya sita bado yana kiini cha ukuaji chini ya udongo, kwa hiyo hata yakibaki visiki yanaweza kuchipua. Usikimbilie kulima upya siku ya pili. Ngoja siku tano hadi saba, ng'oa miche michache sehemu mbalimbali za shamba, ipasue kwa kisu kutoka shinani kwenda juu. Kiini kikiwa cheupe na kigumu, mche uko hai. Kikiwa cha kahawia na kimelainika kama kitu kilichooza, umekufa. Mbolea ya kukuzia isubiri mpaka majani mapya yatoke.

Maharage hayana bahati hiyo. Yakikatwa chini ya yale majani mawili ya mbegu hayachipui tena. Panda upya kama msimu bado unaruhusu. Na mahindi yaliyopigwa wakati wa kutoa mbelewele (maua ya juu) ndiyo yenye hasara kubwa, maana majani hayatatoka mengine ya kujaza punje.

Maji yakizidi

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Kwenye udongo wa mbuga, ule wa mfinyanzi unaonywa maji polepole, kiasi hicho kinatosha kugeuza shamba la mahindi kuwa jaruba. Mpunga utafurahi. Mahindi machanga yakizama kabisa hufa ndani ya siku mbili hadi nne, na jua likiwa kali hufa mapema zaidi. Chimba mifereji ya kutoa maji kabla ya mvua, kwa sababu ukiingia kwenye tope na jembe unaufinyanga udongo na mizizi inakosa hewa. Maji yakishuka na majani yakawa ya njano, ujue naitrojeni imepotea. Weka mbolea ya kukuzia ardhi ikishakauka kiasi cha kukanyagika.

Nafaka iliyoguswa na maji ya mafuriko usiianike ukaiuza. Maji hayo yamepita vyooni na kwenye viuatilifu. Mboga za majani zilizozama nazo zisiliwe mbichi.

Kwa wafugaji, hatari ya mafuriko huja baadaye na mbu. Homa ya Bonde la Ufa ililipuka Kenya na Tanzania mwaka 1997/98 na tena 2006/07, mara zote baada ya mvua kupita kiasi. Dalili ya kwanza ni kondoo na mbuzi wengi kutupa mimba kwa wakati mmoja. Usishike vijusi kwa mikono mitupu na toa taarifa siku hiyo hiyo. Chanjo hutolewa kabla ya mlipuko. Ikichelewa, sindano inayohama kutoka mnyama hadi mnyama inaweza kuwa ndiyo inayoeneza.

Pwani kuna kimbunga, ambacho hakiji mara nyingi lakini kikija hakibagui. Hidaya, Mei 2024, kilileta mvua zilizokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi. Kile cha 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikanusurika. Mwenye miti ya kudumu asiweke mtaji wake wote kwenye zao moja, kwani mahindi yanarudi msimu ujao ila mkarafuu unadai miaka. Huko nyanda za juu, Makete na Njombe, adui ni sakitu (umande unaoganda kwa baridi) ya Juni na Julai inayounguza viazi. Hewa ya baridi hutiririka bondeni, hivyo panda mteremkoni.

Ukame, tunaouona ukija

Mahindi yana wiki nne za roho mkononi: mbili kabla ya ndevu kutoka na mbili baada. Yakikosa maji hapo, mvua ya baadaye haisaidii kitu. Ndiyo maana kwenye maeneo ya Shinyanga na Dodoma ningeshauri angalau nusu ya shamba iwe mtama, kwa mfano mbegu za Macia au Tegemeo. Najua, mtama unataka mtu wa kuamia ndege kutwa nzima, na ugali wake watoto wanaususa. Lakini unavumilia ukavu mahindi yakiwa yameshasokota majani.

Mvua ya kwanza ya vuli au msimu huwa inadanganya. Chimba kwa jembe. Kama unyevu haujafika shubiri moja, weka mbegu kibindoni. Lima matuta na uyafunge kila baada ya hatua chache ili maji yasitiririke. Usitupe mbolea ya UREA kwenye udongo mkavu, inaweza kugeuka hewa na pesa yako ikaondoka nayo.

Ng'ombe wauzwe wakiwa na nyama. Ukiona Februari malisho yamekwisha, anza na madume na majike wazee, ubakize mitamba. Anayengoja mpaka kila mtu apeleke mnadani anauza ngozi na mifupa. Wasukuma walikuwa na ngitili, eneo linalofungwa wakati wa masika ili majani yaliwe kiangazi, na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ulirudisha nyingi. Kama kwenu zimefyekwa kwa pamba, hata robo ekari nyuma ya boma ni mwanzo.

Hatari ya mwisho ya ukame iko ndani ya gunia. Mahindi yaliyoteswa na jua hupata kirahisi kuvu inayotoa sumu iitwayo sumukuvu, na yakihifadhiwa na unyevu sumu huongezeka. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa njia hiyo, na 2016 vifo vilitokea Dodoma na Manyara. Anika juu ya turubai, tenga punje zilizovunjika na zenye ukungu, na hakikisha unyevu hauzidi asilimia 13.5 kabla ya kufunga gunia.

Ukitaka kukata bima ya mazao, muulize wakala swali moja kabla ya kulipa: malipo yanategemea nini? Bima nyingi za wakulima wadogo hupima mvua au uoto wa eneo zima kwa satelaiti, hakuna anayekuja kukagua shamba lako. Hiyo inakufaa kwa ukame uliopiga kata nzima. Mawe yakikuangukia wewe na kumruka jirani, huenda usipate hata shilingi.