Kisu cha kambi kwa mtu wa Mombasa: tazama chumvi kwanza

Mimi ndiye mpishi wa kundi letu la kambi, kwa hivyo kijana akitaka kununua kisu huniletea mimi kwanza picha kwenye simu. Mara nyingi huwa ni kile kisu kirefu cheusi, chenye meno ya msumeno mgongoni na dira ndogo kwenye kitako cha mpini. Hicho kiache dukani, mwanangu. Mpini wake ni mtupu ndani, bapa limeshikiliwa na skrubu tu, na siku utakapokikaza kwenye kumbi la nazi utabaki na mpini mkononi. Na dira yenyewe ya nini, bahari si hiyo hapo mashariki?

Nunua kisu kizima, si cha kukunja. Cha kukunja kinafaa mfukoni, lakini ufukweni mchanga na magamba ya samaki huingia kwenye kiungo, kikawa kinasaga kila ukikifungua. Kisha uliza msuka, yaani ule mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini, umefika wapi, maana ndio unaobeba nguvu zote. Uliofika hadi kitakoni ni imara zaidi. Ulioishia njiani unatosha kwa kukata, mradi haulegei: funga bapa kwa kitambaa, utikise mpini. Ukichezacheza hata kidogo, mrudishie mwenyewe.

Sasa chumvi, ambayo wauzaji wengi hawaigusii. Visu vingi vinavyosifiwa vya Marekani ni vya feleji iitwayo 1095. Ina kaboni karibu asilimia 0.95, na kromiamu haimo, au imo kidogo mno kuweza kuzuia kutu. Inanoleka vizuri na makali yake ni ya kuaminika, lakini hapa kwetu kisu cha aina hiyo kikitundikwa tu barazani msimu wa kusi, bila kuguswa, huota madoa. Stenlesi ina kromiamu isiyopungua kama asilimia 10.5. Nayo si ya milele. Ukiisahau ndani ya ala iliyolowa maji ya bahari itaota vitobo. Ila inakupa nafasi ya kumaliza kula kabla ya kukumbuka kuosha kisu.

Hujui umeuziwa nini? Kata ndimu, uache maji yake yakae juu ya bapa huku ukipara samaki. Feleji ya kaboni itaanza kuwa kijivu, halafu buluu iliyokolea kama wino uliomwagika, na ukikipitisha kwenye changu utasikia harufu ya chuma kwenye nyama yake. Stenlesi itabaki ilivyo. Weusi huo haudhuru, ni wekundu unaokula kisu.

Katika kulinganisha, mimi hupenda kuweka mezani visu vitatu vya tabia tofauti. Cha kwanza ni Companion ya Morakniv, kutoka Uswidi: bapa la sentimita 10 na kitu, unene milimita 2 kwa cha kaboni na 2.5 kwa cha stenlesi, mpini wa plastiki na mpira, msuka haufiki mwisho. Kipo cha kaboni na kipo cha stenlesi, kwa hiyo soma vizuri kabla ya kulipa. Cha pili ni BK2 ya Ka-Bar ya Marekani, bapa la sentimita 13, unene zaidi ya milimita 6, uzito karibu nusu kilo. Cha tatu ni cha fundi wetu wa jua kali, kilichofuliwa kwa springi ya lori.

Anza na nyanya iliyoiva. Kisu chembamba kinapita bila kuiponda, kinene kinaisukuma kwanza ndipo kiikate. Kitunguu ndicho kinachofichua zaidi: BK2, hata ikiwa kali ya kunyolea, hukipasua kitunguu badala ya kukikata, kwa sababu unene wa mgongo unaachanisha tabaka kabla makali hayajafika chini. Kwenye samaki, tumbua mmoja mkono ukiwa umelowa utelezi wake. Hapo utajua kama mpini unashikika, na kama kuna kizuizi mbele cha kukinga kidole kisiteleze hadi kwenye makali.

Halafu kuni. Chukua kipande kikavu cha mvinje unene wa kifundo cha mkono, kisiwe na fundo, weka kisu juu yake na ugonge mgongo kwa gongo. Hapa BK2 inatamba, kinasikika kishindo kimoja na gogo liko pande mbili. Chembamba kitanasa na kukuhangaisha. Lakini nani katika Pwani hii anayekwenda kambini bila panga? Panga lipo, linapasua kuni, linafungua madafu, linafyeka pa kupigia hema. Kisu kinene kimetengenezwa kwa mtu asiye na panga. Wewe unalo, basi usibebe nusu kilo nyingine kwa kazi ile ile.

Cha springi nakipenda, ila mafundi si sawa. Wengine hukitia kwenye oili kikiwa chekundu, kikapoa, wakakuuzia hapo hapo bila kukirudisha tena kwenye moto wa wastani, na makali yake hukatika vipande. Omba tupa, uipitishe polepole kwenye makali. Ikila kama inakwaruza mbao, chuma ni laini. Ikiteleza kama juu ya kioo, ni kigumu mno. Unataka ing'ate kidogo kwa shida. Kikifaulu, ni kisu cha Shimba Hills au Taita, mbali na maji chumvi, na kila jioni ukipake mafuta ya nazi.

Kwa kambi ya Tiwi au Kilifi, mimi nachukua Companion ya stenlesi. Kuinoa hakuhitaji ufundi: makali yake yana mteremko mmoja mpana kila upande, unaulaza wote juu ya jiwe na kusukuma. Ukikioshea ufukweni usitumie maji ya kisima, vingi vyetu ni vya chumvi chumvi. Beba chupa ya maji matamu, suuza kisu na ala yake, ukaushe kila kimoja peke yake. Ala ya ngozi ni nzuri kwa kuvaa, si kwa kuhifadhia, maana ngozi hunyonya unyevu na kuukalisha kwenye chuma.

Njiani, kama unavuka Likoni ambako mizigo hukaguliwa, kisu kiwe ndani ya ala, chini kabisa ya mkoba, pamoja na sufuria na ubao wa kukatia. Kiunoni utakivaa ukifika.