Somo: Kununua tiketi ya mkono wa pili Uingereza bila kupigwa

Wakuu, somo hili ni kwa tulioko Uingereza. Tiketi za tamasha zimeisha asubuhi, mchana ziko kwenye mitandao ya walanguzi kwa bei mara tatu. Ni halali? Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015 haikuweka ukomo wa bei. Ilichomlazimisha muuzaji ni kusema ukweli. Novemba 2025 serikali ilitangaza nia ya kupiga marufuku kuuza juu ya bei ya awali, lakini tangazo si sheria mpaka lipite Bungeni, kwa hiyo msiende kumtishia mtu nalo.

Hatua ya 1: Kagua tangazo. Kifungu cha 90 cha sheria hiyo ya 2015 kinataka uonyeshwe, kabla hujalipa, sehemu, mstari na namba ya kiti kama vipo. Bei iliyoandikwa kwenye tiketi. Masharti ya nani anaruhusiwa kuitumia. Na kama muuzaji ana uhusiano na mwandaaji au na mtandao wenyewe. Kikikosekana kimoja, ondoka. Anayekiuka anaweza kutozwa hadi pauni 5,000. Ila kifungu hiki ni cha mitandao ya kuuzia tiketi tena. Jamaa anayekuita pembeni nje ya uwanja hakimgusi.

Hatua ya 2: Piga skrinshoti ya ukurasa mzima, pamoja na bei ya mwisho baada ya ada. Tiketi ikishauzwa tangazo huondolewa, na ushahidi wako nao umekwenda.

Hatua ya 3: Soma masharti ya mwandaaji. Kifungu cha 91 kinamzuia kufuta tiketi kwa sababu tu imeuzwa tena. Lakini kama sharti kwamba tiketi ikiuzwa tena itafutwa lilikuwemo tangu mwanzo, mnunuzi wa kwanza alifahamishwa, na si la kionevu, anaweza kuifuta. Ndiyo maana watu hurudishwa mlangoni wakiwa na tiketi halisi kabisa.

Hatua ya 4: Chagua njia ya kulipa. Kwangu hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Ukilipa kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100 hadi 30,000, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974 kinaifanya benki iwajibike pamoja na muuzaji. Tatizo ni kwamba mtandao ukiwa dalali tu kati yako na muuzaji, benki inaweza kukukatalia. Hapo iombe irudishe malipo kwa taratibu za Visa au Mastercard, ambazo hata kadi ya kawaida ya benki inazo. Ukituma pesa moja kwa moja kwenye akaunti ya tapeli, tangu 7 Oktoba 2024 benki zinatakiwa kufidia hadi pauni 85,000, lakini zinaruhusiwa kukata pauni 100 za kwanza. Sasa piga hesabu ya tiketi ya pauni 90.

MASWALI

*Mkuu, nikibadili mawazo si nina siku 14 za kurudisha?*
Huna. Kanuni za 2013 zinazotoa siku hizo hazihusu burudani yenye tarehe maalumu.

*Kaka, kuna mtu kwenye grupu letu la WhatsApp anauza tiketi ya Arsenal kwa bei ile ile aliyonunulia. Hapo si salama?*
Mpira una sheria yake. Tangu 1994, England na Wales, kuuza tiketi ya mechi za ligi bila idhini ni kosa la jinai, hata kama muuzaji hapati faida. Wewe mnunuzi hushtakiwi, lakini klabu inaweza kukuzuia getini. Pitia mfumo wa klabu yenyewe wa kuuziana.

*Mimi tamasha langu liko Dublin. Haya yananihusu?*
Hapana dada, Ireland ni nchi nyingine, na kwa hili mko mbele yetu. Sheria yao ya 2021 inakataza kuuza juu ya bei ya awali kwa kumbi na matukio yaliyoorodheshwa rasmi, yanayochukua watu 1,000 au zaidi.

*Tamasha likifutwa, nani ananirudishia? Mwandaaji?*
Kwa kawaida mwandaaji hurudisha pesa kwenye kadi ya mnunuzi wa kwanza, yaani mlanguzi. Wewe unaudai mtandao ulionunulia, kwa dhamana yake. Isome leo, kabla hujalipa, maana baadhi hurudisha bei ya tiketi na kubaki na ada.