SOMO: Gemu la viputo mkononi, kata kikonyo

Assalamu alaikum ndugu zangu wanachama. Wiki hii nimeulizwa mara tatu kuhusu gemu lilelile: lile la kijijoka cha kijani kinachorusha viputo vya rangi kuelekea darini. Kampuni ya Taito ya Japani ililitoa mwaka 1994 kwenye mashine kubwa za kutia sarafu, kwa jina la Puzzle Bobble. Marekani na Ulaya likauzwa kwa jina la Bust-A-Move, ndiyo maana kaseti zinazotufikia na mitumba zina majina mawili na watu hudhani ni magemu mawili. Mimi nimelicheza zaidi kwenye mashine ndogo za mkononi: toleo la nne la gemu kwenye Game Boy Color, halafu kwenye PSP. Nalipenda sana gemu hili, na kwa kuwa nalipenda nitakwambieni pia linapogota.

Kanuni haina maneno mengi. Chini kuna mshale, unauelekeza, unapiga. Viputo vitatu au zaidi vya rangi moja vikigusana vinapasuka. Kila baada ya mapigo kadhaa dari linashuka, na viputo vikivuka mstari wa chini umekwisha. Ukikaa unawaza sana, mashine inapiga yenyewe.

HATUA YA 1: Tazama juu kabla ya kulenga

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anaona nyekundu mbili karibu yake, anazipigia ya tatu, zinapasuka, anafurahi. Kumbe amechuma majani tu. Kila kiputo kimening'inia kwenye chengine, mpaka kufika darini. Ukivipasua vile vya juu vinavyoshikilia wenzao, vyote vilivyokuwa chini yake vinaanguka kwa mpigo mmoja, hata kama rangi zao hazifanani.

Fikiria kichala cha shokishoki. Hupandi mtini kudonoa moja moja. Unatafuta kikonyo, unakata, kichala kizima kinakuja. Gemu hili ni hivyohivyo, na hesabu yake inakulipa kwa kufanya hivyo. Katika toleo la kwanza, kiputo unachokipasua kinakupa pointi 10. Kinachoanguka kimoja ni 20, viwili 40, vitatu 80, na kila kinachoongezeka kinazidisha mara mbili. Basi pasua kumi upate 100, lakini angusha kumi kwa pamoja upate 10,240. Ukiangusha 17 unapata 1,310,720, na hapo ndipo kikomo. Nilipoifahamu hesabu hii nilirudi hatua ya mwanzo kabisa ya gemu nikaanza kucheza upya, kwa sababu niliona wazi kwamba miezi yote ile nilikuwa nadonoa.

Kwa hiyo kila hatua ya gemu inapofunguka, usiguse kitufe. Tafuta vikonyo: ni viputo gani viwili au vitatu vimebeba mzigo? Rangi yao ni ipi? Njia ya kuwafikia iko wapi? Sekunde chache zinatosha.

HATUA YA 2: Tumia ukuta kama unavyotumia ubao wa keram

Aliyekulia barazani na keram ameshajifunza nusu ya kazi. Kete ikigonga ubao inarudi kwa pembe ileile iliyojia, na kiputo kikigonga ukuta wa pembeni ni vivyo hivyo. Namna ya kulenga: ufanye ukuta ni kioo. Kile unachokitaka kione kimejitokeza upande wa pili wa kioo, kisha lenga hicho cha kwenye kioo. Kinachogonga ukuta ni ubavu wa kiputo, si moyo wake, kwa hiyo kioo chako kiweke nusu ya kiputo mbele ya ukuta, upande wa viputo. Usipofanya hivyo kiputo kitarudi mapema na kitatua chini ya pale ulipotaka.

Fanyeni zoezi hili: chagueni kiputo kilichojificha nyuma ya mzigo, ambacho hakipigiki moja kwa moja, mkipige kwa ukuta wa kushoto tu mpaka mkipate. Halafu kwa wa kulia. Mimi kulia bado nakosa kosa.

HATUA YA 3: Jua kinapotulia

Safu ya viputo ina vinane, inayofuata saba, tena vinane. Vimepangwa kama machungwa ya soko la Darajani, kila moja limekaa kwenye bonde la mawili. Kiputo chako hakibaki pale kilipogusa, kinaingia bonde la karibu. Ukigusa kidogo upande wa kushoto wa chungwa kinakwenda bonde hili, ukigusa kidogo kulia kinakwenda lile.

HATUA YA 4: Maliza rangi

Mashine inakupa rangi zilizobaki kwenye skrini tu. Ukiimaliza zambarau yote, zambarau haiji tena. Tazama pia kiputo kinachofuata, kinaonekana pembeni mwa mshale.

LINAPOGOTA

Sasa upande wa pili. Skrini ya Game Boy Color ina nukta 160 kwa 144, tena haina taa ndani. Ile ya PSP ina 480 kwa 272, na inawaka. Tofauti hii katika gemu la rangi si ndogo. Unguja ilipokosa umeme tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, wenye PSP walikuwa wanahangaika kutafuta jenereta la kuchajia. Mimi nilitia betri zangu mbili za AA nikacheza. Mchana, barazani, raha tupu. Usiku nikawasha kandili nikaiweka karibu na bega, na chini ya mwanga ule manjano na rangi ya chungwa zikawa kitu kimoja. Nilikata kikonyo ambacho hakikuwepo. Nikazima, nikalala.

Pili, mshale wenyewe. Kwenye mashine ndogo unasogea kwa vituo, na ipo pembe unayoihitaji ambayo iko baina ya kituo na kituo. Hapo ustadi wako hauna kazi; tafuta shabaha nyengine.

Na bahati ipo. Utakuja kuhitaji bluu moja tu na mashine itakupa kijani tatu mfululizo. Wasiokubali jambo hili huliacha gemu kwa hasira.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Wete: Hizo kijani tatu nisizozihitaji nizitupe wapi?

Usizitupe, ziweke. Chagua kona moja, mbali na kikonyo chako, iwe ghala. Rangi moja pamoja na rangi yake. Ukizitawanya unajijengea ukuta mwenyewe.

Mwanachama, Michenzani: Kaka, kwenye simu yangu nina linalofanana na hilo na ni la bure. Kuna tofauti gani?

Msingi ni mmoja, magemu ya viputo ya kwenye simu mengi yamezaliwa na hili. Ila mengi yanakuchorea njia yote ya kiputo mpaka mwisho, kwa hiyo kulenga kwa ukuta, ile HATUA YA 2 ya somo hili, hujifunzi kabisa, na ukishindwa mara kadhaa yanakusimamisha usubiri au ulipe. Ukitaka la bure lisilo na usumbufu huo, tafuta Frozen Bubble, lile la pengwini. Ni programu huria, lipo tangu 2002.

Mama mmoja, Mkunazini: Mwanangu ana miaka saba. Nikimwambia dakika kumi basi, analia kila siku. Nifanyeje?

Bi mkubwa, usimhesabie dakika. Dakika humkatiza katikati ya hatua na ndiyo maana analia, hata mimi ningelia. Mwambie hatua tatu za gemu, kisha chuoni, madrasa. Hatua ni fupi na ina mwisho wake, atakurudishia mwenyewe. Akishindwa hatua, nayo ihesabu ni moja.

Mwanachama, Mkoani: Game Boy Color yangu mshale unakwenda kushoto, kulia hauendi. Nimeambiwa imekufa.

Haijafa, ami. Hewa yetu ya chumvi ndiyo inayofanya hivyo. Toa betri kwanza. Skrubu za nyuma zina mbawa tatu, kwa hiyo tafuta bisibisi yake. Ukilazimisha ya kawaida utaziua vichwa. Ndani chini ya vitufe kuna mpira wenye vidoa vyeusi, na kwenye bodi kuna sehemu vinapogusa. Futa zote mbili kwa pamba yenye spiriti kidogo, taratibu, usikwangue ule weusi. Acha ikauke vizuri. Halafu tazama vyuma vya betri: ukiona ukoga mweupe au wa kijani, ufute kwa pamba yenye siki, kisha spiriti, kausha. Ukishaifunga nitumie picha ya hatua uliyokwama, na ukione kikonyo kabla sijakuonesha.